Kinyama cha Mektilda

Mwishoni mwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipopamba moto, kila mwenye vijisenti Makambako alifunga mashine ya kusaga. Mektilda, mjane wa Kibena kutoka Njombe, naye akafunga yake. Mwanamke wa shughuli! Ukimletea mahindi yenye mawe, utayasikia ya kwako hapohapo mlangoni.

Kisha akaota uvimbe kwenye titi. Hospitali wakaukata, daktari akatia kinyama kwenye chupa ya dawa, akamkabidhi Yosefu, shemeji wa Mektilda. “Kipelekeni Dar kikapimwe. Tusipojua ni nini, tutatibu kwa kubahatisha.”

Mektilda akauliza vitu hivi vinatoka wapi. Daktari alijua anaongea na nani.

“Mama, kila chembe ya mwili ina mashine yake ya kutengeneza protini. Na kuna protini nyingine ambazo kazi yake ni kuishika hiyo mashine isisage ovyo. Kwenye saratani nyingi, hizi za kuzuia zinanyang'anywa nguvu. Basi mashine inasaga tu.”

“Bila mtu wa kuizima?” Mektilda alishtuka. Hilo alilielewa vizuri mno.

Akarudi kazini kusubiri majibu. Mvua zikaja, zikakata, majibu kimya. Kila akiuliza, Yosefu anasema, “Dar wana kazi nyingi, shemeji.” Kidonda kikapona, na pembeni yake ukaota uvimbe mwingine.

Ndipo wifi yake Dorkasi aliposhindwa kuvumilia, akasema. Kile kinyama hakijawahi kupanda basi! Yosefu alikizika nyumbani Njombe, kwenye mianzi, eti nyama ya mtu wa ukoo haisafirishwi na magunia ya viazi. Ndugu wakasali, wakaimba, wakala ugali. Jamani! Wamezika majibu ya mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo!

Mektilda alizima mashine mchana kweupe, akapanda gari la Njombe.

“Tulikuheshimu, shemeji,” alisema Yosefu, macho chini.

“Mlimheshimu nani? Mimi nilikuwa hai, nasaga!”

Alipokatwa tena, chupa aliipakata mwenyewe hadi Dar. Majibu hayakuchelewa: saratani, na imeshasambaa. Ingewahiwa, daktari alisema, ingetibika.

Yosefu akaja Makambako akilia, anaomba msamaha. Mektilda alimwacha alie mpaka akachoka.

“Siku yangu ikifika,” akamwambia, “jembe usiguse. Wewe ulishanizika.”