Swichi Moja ya Shosho

Shosho, nyanya yangu wa Kawangware, anaumwa magoti, kwa hiyo nilimwekea balbu zinazowashwa kwa simu. Nilikuwa nimejifundisha mtandaoni, nikaipa kila balbu kitufe chake. Vikamchanganya. Sikutulia hadi nilipounda swichi moja ndani ya simu, ya kuwasha zote pamoja.

Alibonyeza. Giza.

"Wewe fundi, toa hivi vitu unirudishie balbu zangu."

Nilikwenda kukagua ukutani. Kumbe alikuwa amezima swichi za ukutani, kama kila mtu kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga anavyofanya kuokoa tokeni za umeme, na balbu isiyo na umeme haipokei amri ya simu. Niliziwasha, nikazibandika selotepu zisizimwe tena. Akabonyeza akiwa ameketi, nyumba nzima ikawaka.

"Haya, ziache. Lakini nikienda kanisani nabandua hiyo selotepu."