Nywele za Wifi

Tangu asubuhi Mama Saluni alikuwa amewasuka mashangazi wa mumewe, mmoja baada ya mwingine, na mashangazi wale, jamani! Huyu analalamika anabanwa, yule anauliza mbona zake zimelegea, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama msusi amekunywa chai. Walipoondoka alibaki ameshika kiuno, mgongo umekufa ganzi, na kichwa chenyewe cha siku hiyo kilikuwa bado hakijafika. Kichwa cha bi harusi, wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ya mumewe.

Kazi hiyo alifundishwa na dada yake mkubwa angali binti. Imemlisha, imemsomeshea watoto, na imemla pia. Vidole vilikuwa vimechanikachanika kwa dawa, kucha zimegeuka manjano, na harufu ya amonia ilikuwa imemganda kiasi kwamba mumewe akitaka kumkumbatia hupiga chafya kwanza. Zamani walikuwa wakicheka. Siku hizi hata kucheka kulimchosha.

Na mama mkwe hakuwahi kumtaka. Alisema waziwazi, mbele za watu, kwamba mwanawe msomi hawezi kuoa mshika vichwa. Wajukuu wakazaliwa, wakaanza shule, na bado alimwita "msusi" kana kwamba hakupewa jina na wazazi wake. Ndiyo maana mama huyo alipopiga simu na kusema, "Kichwa cha binti yangu nakukabidhi wewe," Mama Saluni alikaa kitandani akalia. Kichwa hicho kikitoka vizuri, Jumamosi ataingia ukumbini kama mtu wa nyumba ile. Kikiharibika, ndiyo basi tena.

Wifi aliingia mchana na maneno yake yale yale.

"Wifi, mbona umenuna? Ninayeolewa ni mimi!"

"Namwonea huruma huyo anayekuoa. Kaa hapo."

Wakacheka kidogo. Wifi alitaka nywele zitolewe weusi, ziwe rangi ya dhahabu. Mama Saluni akatia kitana, na mkono wake ukasita. Nywele zilikuwa nyeusi mno, weusi wa masizi, hazina mng'ao hata chembe. Weusi huo aliujua. Ziko rangi za unga, za pakiti, ambazo ndani yake mna chumvi za madini, za risasi, za shaba. Nywele nazo ni kitu cha mwili, zinakunywa chochote unachozipa, na madini yakishaingia humo hayatoki kwa sabuni wala kwa maombi. Yanakaa kimya. Siku utakapoleta blichi, ile dawa ya kutoa weusi, na peroksaidi yake ya kuchanganyia, ndipo yanapoamka. Dawa inachemka, nywele zinapata moto, zinakatika.

"Wifi, hapa umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Si ndivyo zilivyo?"

"Hata rangi ya pakiti?"

"Aa, wifi nawe! Si nimeshasema?"

Ipo njia ya kujua, tena nyepesi. Unakata kishungi kidogo cha nyuma, unakitumbukiza kwenye bakuli la peroksaidi yenye matone ya amonia, unasubiri. Kikitulia, unaendelea na kazi. Kikichemka, unamwambia mteja aende zake nyumbani. Kwa wateja wake Mama Saluni hakuwahi kuiruka hatua hiyo, hata wamnunie vipi. Lakini kusubiri maana yake ni kusimama tena, na huyu si mteja, ni wifi yake, na ameshasema hajapaka. Zaidi ya yote alikuwa amechoka. Amechoka tu, hakuna sababu nyingine. Akachanganya dawa.

Hakumaliza hata upande mmoja.

"Wifi, inachoma."

Akadhani ni madeko ya bi harusi. Kisha akaona mvuke. Mvuke, mtu wangu, unapanda kutoka kichwani kwa binti wa watu kama kikombe cha chai! Akagusa dawa, ikamuunguza hadi ndani ya glovu. Akamkokota hadi kwenye beseni, akafungulia bomba lote, maji yakaruka mpaka ukutani, na nywele zikamfuata mkononi. Zilitoka mafungu kwa mafungu, zimelegea kama tambi zilizopitiliza kuiva. Wifi akajipapasa, akaona kilichobaki kwenye vidole vyake, akapiga ukelele.

"Umepaka nini, we mtoto? Sema!"

"Rangi. Ya pakiti. Juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Wifi aliinamisha kichwa akaonyesha nyuma ya sikio, pale dawa ilipopita na kung'oa weusi wote. Palikuwa peupe. Mvi, tena si moja wala mbili, kwa binti ambaye hata miaka thelathini hajaigusa.

"Kichwa kizima kiko hivyo, tangu niko shule," alisema huku kamasi zikimtoka. "Mchumba wangu hajui. Kwao hakuna anayejua. Nikasema nikiwa na rangi ya dhahabu, hata zikiota hazitaonekana sana, nipumzike. Nimechoka, wifi. Kila Jumapili najifungia bafuni napaka kama mtu anayeficha maiti."

Neno hilo la kuchoka lilimwingia Mama Saluni kuliko kilio. Akachukua mashine, akanyoa zote, taratibu, akikwepa palipoungua.

"Waambie dawa yako ilikuwa kali," Wifi alisema. "Wigi nitavaa. Lakini wakisikia nilipaka rangi, watauliza nilikuwa naficha nini."

"Yaani nijipake matope mwenyewe? Mbele ya mama yako? Wewe ndiye uliyenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo. Lakini wewe unampima kila mtu. Nilikaa hapa nasubiri unipime, ujue mwenyewe, nisilazimike kusema."

Mama Saluni alitamani kulala pale pale sakafuni. Badala yake akachukua simu, akampigia mama mkwe.

"Mama, nywele zimeharibika. Imebidi ninyoe. Kosa ni langu, dawa ilinizidi."

Upande wa pili mashangazi walikuwa wakicheka. Akasikia hatua, mlango ukifungwa, kicheko kikizimika. Sauti ya mama mkwe ikaja chini chini.

"Mvi zimeonekana?"

Mama Saluni akapigwa na butwaa.

"Nimezinyoa, mama."

"Nani ameziona?"

"Mimi tu."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. "Rangi yenyewe namnunulia mimi. Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo. Alitaka kuitika, lakini mlango wa kule ukafunguliwa tena, na mama mkwe akapaza sauti ili mashangazi wote wasikie.

"Umetuua! Nilisema tangu siku ya kwanza, huyu ni mshika vichwa, hana lolote! Jumamosi nisikuone ukumbini kwangu!"

Mama Saluni alielewa kinachofanyika. Alijua maneno yale ni ya kuwaziba midomo mashangazi, ya kumfichia binti aibu. Lakini mama mkwe hakutafuta neno hata moja. Yalimtoka yenyewe, moja kwa moja, kama mtu aliyeyaweka moyoni miaka yote akisubiri ruhusa.

"Nisamehe, mama," alisema, na simu ikakatwa.

Wifi alikuwa akimtazama kwenye kioo, mikono yote miwili juu ya kipara.

"Amesemaje?"

"Amesema pole," Mama Saluni akajibu, akachukua ufagio, akaanza kufagia.