Kilio cha Nonna Kule Observatory

Wiki iliyopita nilipanda Observatory, mtaa wa hapa Johannesburg, kumsindikiza rafiki yangu wa chuo aliyekuwa anatafuta chumba cha kupanga. Tulishuka kwenye teksi pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukakata kona, na kabla sijajua miguu inanipeleka wapi, nikawa nimesimama mbele ya geti ninalolijua. Zamani lilikuwa la kijani, limebanduka rangi, na kila likisukumwa lilipiga yowe, hata ungekuwa jikoni ungejua mtu ameingia. Sasa ni geti la umeme, jeusi, na ukuta umepandishwa mpaka paa halionekani. Hadeda, wale ndege wa Joburg wenye midomo mirefu na sauti za kukera, wakapita juu wakipiga makelele yao. Nakwambia kweli, nilitokwa na machozi barabarani mchana kweupe. Rafiki yangu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikulia humu ndani.

Usinidhanie makuu lakini. Nyumba kubwa haikuwa yetu. Sisi tulikaa nyuma, katika kile kijumba cha vyumba viwili ambacho Wazungu wa zamani walimjengea mtumishi wa nyumbani. Tulikuwa baba, mama, bibi yangu mzaa baba, mimi na wadogo zangu wawili, na wakati mwingine jamaa fulani kutoka kwetu Bukavu, Kongo, ambaye alisema anapita tu, akapita miezi minne. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiitaliano ambaye wajukuu zake walimwita Nonna, yaani bibi kwa lugha yao. Sisi nasi tukamwita hivyo hivyo, na yeye akaitika.

Nilikuwa na miaka tisa tulipohamia pale, mwaka 2015. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ya masika ya huku, mwezi wa kumi, ilikuwa kufagia maua ya zambarau ya mjakaranda kabla hayajakanyagwa yakawa utelezi. Kazi yangu ya pili haikuwa na fagio. Bibi alijua Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa cha misheni. Nonna alijua Kiitaliano na Kiingereza kilichochakaa. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtoto wa Joburg, Kiingereza kinanitoka kama maji, kwa hiyo nilisimama katikati yao nikitafsiri habari za magoti, bei za vitunguu na ukorofi wa wakwe. Nilizichoka hizo habari, mwenzangu. Leo ningelipa nizisikie tena.

Urafiki wao ulianzia kwenye chakula. Nonna alitoka kaskazini ya Italia, na siku moja bibi alichungulia dirishani akamwona amesimama kwenye sufuria, anasonga unga wa mahindi kwa mwiko mrefu. Bibi akaingia bila kubisha hodi. "Bugali!" akapiga kelele. "Muzungu anasonga bugali!" Ikawa sherehe. Lakini Nonna alipoumimina ule ugali wa njano juu ya ubao na kuanza kuukata vipande kwa uzi, kama wanawake wa kwao walivyofundishwa na mama zao, bibi alishika kiuno. "Bugali ya kukata na uzi, sawa vile kitambaa!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaleta kibunda cha uzi mpya mweupe kutoka kwenye cherehani yake, akampa, na tangu hapo Nonna hakununua uzi wa ugali tena. Jumapili nyingine bibi alimpelekea sombe, yaani kisamvu, na dagaa. Sombe aliila akalamba kijiko. Dagaa alizitazama machoni, akaomba msamaha.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alitupa kazi. Tutafute familia mbili zilizotoka nchi nyingine, tuulize zilikujaje na zimefika wapi leo, kisha tulinganishe. Wenzangu walihangaika. Mimi nilivuka ua tu.

Ungeziona hizo familia mbili siku ya Jumapili usingehitaji kuuliza. Watoto wa Nonna walikuja na magari makubwa kutoka Bedfordview, mtaa wa wenye nazo. Mwanawe wa kiume alikuwa mkandarasi wa majengo, binti yake daktari wa meno, na wajukuu walisoma shule za kulipia, Kiitaliano chao kikiishia kwenye majina ya vyakula. Upande wetu, baba aliyefundisha fizikia Bukavu alikuwa analinda mlango wa duka kubwa mjini. Mama alisuka nywele Yeoville, vidole vikivimba kila mwisho wa mwezi. Mjomba alishona nguo Jeppestown, chumba cha juu ya karakana, na kila mwaka alisema huu ndio wa mwisho. Na sisi watoto? Bibi akituita kwa Kiswahili, tulimjibu kwa Kiingereza. Hapo tulifanana kabisa na wajukuu wa Nonna.

Basi Jumapili hiyo Nonna akatualika sote mezani, na mimi na kalamu yangu nikamuuliza mwanawe familia yao ilifanikiwaje. Alikuwa mtu mzuri, simsemi vibaya. Alikuwa na sauti kubwa tu na alipenda kusikilizwa.

"Kazi," akasema. "Baba yangu alishuka hapa na sanduku moja na mwiko wa kujengea. Hakumwomba mtu chochote. Mtu akifanya kazi, anafika. Andika hiyo."

Baba yangu, aliyekuwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo, akatabasamu lile tabasamu lake la mlangoni. Mimi nikainamisha kichwa kuandika, uso ukiniwaka moto.

Nonna akaweka kijiko chini. "Usimwandikishe mtoto uongo mezani kwangu," akasema. "Baba yako alishuka Ijumaa, Jumatatu akawa kazini. Serikali ya wakati ule ilikuwa inatutafuta tuje, kwa sababu tulikuwa weupe. Benki ikatupa mkopo wa nyumba hii, na waliotukorogea saruji hawakuruhusiwa hata kulala mtaa huu. Alifanya kazi, ndiyo. Huyu hapa naye anafanya kazi, ni mwalimu, na kila baada ya miezi michache anapanga foleni aonyeshe kwamba bado ni mkimbizi. Mlinganishe na hilo pia."

Baba akaomba chumvi ambayo hakuihitaji. Yule mwana akanyanyuka kwenda kuvuta sigara, lakini aliporudi alimjazia baba glasi, na hiyo kwa wanaume wa aina ile ni maneno mengi.

Ila kuhusu nyumba hakuficha. Mbele ya mama yake, mara zaidi ya moja, alisema siku mama asipokuwepo nyumba itauzwa. Ni ya zamani, mtaa umebadilika, matengenezo hayaishi. Nonna aligeuza uso dirishani. Sisi tulielewa. Siku akifa, tunahama, na kwa kodi ndogo aliyokuwa anatutoza hatungepata hata nusu ya ule ua. Nawe fikiria ule ua ulikuwa nini kwetu. Sikukuu, ubatizo, posa, vikao vya wazee kutoka Bukavu, vyote vilifanyikia hapo, kwa sababu hapakuwa na jamaa yetu mwingine mjini aliyekuwa na mahali pa kutandika mkeka.

Nonna alifariki hospitalini mwaka 2018, katikati ya baridi. Habari ilitufikia Jumanne asubuhi. Misa ya mazishi ingekuwa Ijumaa. Watoto wake wakafunga nyumba kubwa, wakazima taa, wakarudi kwao Bedfordview kulia kila mtu chumbani mwake.

Bibi alisimama uani akiitazama ile nyumba. "Mpaka Ijumaa nani iko naye?" akauliza. "Nyumba ya mutu mwenye kufa inabakia giza hivi, sawa vile hakukuwa na batu?"

Akatuma simu kwa kina mama wa kanisa. Baba akamsihi. "Mama, bataona tunalilia nyumba, hapana mutu."

"Baone," bibi akajibu. "Macho ni yabo."

Kufikia saa kumi jioni ua ulikuwa umejaa. Mikeka, mablanketi, majiko ya mkaa, sufuria za chai ya tangawizi, na kina mama katika vitenge juu ya makoti mazito wakiimba nyimbo za kilio. Wengi wao hawakuwahi kumwona Nonna. Walikuja kwa ajili ya bibi, na kwetu hilo latosha.

Ndipo yule mwana alipofika kuchukua gauni la kumzikia mama yake. Wewe unaijua Joburg. Kila mwenye nyumba hapa anaogopa kitu kimoja, kwamba siku moja atakuta watu wameingia, wametandika, na hawatoki tena. Kwa hiyo hakushuka hata kwenye gari. Aliita ulinzi. Dakika chache tu, gari la kampuni likaingia na taa zake za kuzunguka, akashuka mlinzi mmoja wa Kizulu na fulana yake ya kuzuia risasi. Kina mama hawakuacha kuimba. Baba alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

Bibi akanisukuma mbele, kuelekea gari la yule mwana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nina baridi na aibu. Nikasema kwa Kiingereza, "Hawajaja kuchukua nyumba. Wanamlilia mama yako. Kwetu mtu hafi peke yake, watu wanalala nje mpaka azikwe."

Mlinzi akavua kofia, akasimama nayo kifuani. Yule mwana akashuka garini, akatutazama, akaitazama nyumba, akatazama mikeka. Mama mmoja akasogea kumpa nafasi. Akaketi, mtu mzima na suti yake, magoti yakikataa kukunjwa, na akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Jumatano akaja na dada yake. Alhamisi akaja shangazi yao mzee na rozari, akasema kijijini kwao hivi ndivyo walivyofanya alipokuwa msichana, hajui waliacha lini. Nilimpenda sana yule bibi kizee kwa kusema hivyo.

Baada ya mazishi yule mwana alikuja nyuma kwetu, akasimama mlangoni. Akaniambia nimwambie bibi kwamba hatauza. Kwa yote bibi aliyomfanyia mama yake, tukae hapo maisha, bure.

Nikatafsiri haraka, moyo ukinidunda kwa furaha. Mama, aliyekuwa jikoni na anayejua Kiingereza vizuri, akaacha kuosha vyombo. Bibi aliweka mkono juu ya cherehani.

"Umwambie auzishe sawa vile alisema," akasema. "Kama alipenda tubakie, angesema mama yake akiwa muzima. Mimi nililia rafiki yangu. Leo akinipa nyumba ananilipa, na machozi yangu haiko kazi."

"Mama, batoto batalala wapi?" mama yangu akauliza.

Sasa nyumba yetu yote ikawa mdomoni mwangu. Mama alinitazama, na nilijua ananiomba nini. Ningeweza kusema, anasema ahsante. Hata bibi asingejua, angalau siku hiyo. Yule mwana alikuwa anasubiri, ameinama kidogo, anataka sana kusikia ndiyo. Nikamtafsiria kila neno. Akaitika kwa kichwa, akamshika bibi mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Nyumba iliuzwa, tukahamia Jeppestown, chumba kimoja, kabla mijakaranda haijachanua. Asubuhi badala ya hadeda tulisikia misumeno ya chuma. Mama hajawahi kumsamehe bibi kwa hilo, na mimi nilimkasirikia pia, kasirani kweli. Nimekua, nampenda kwa lile jibu, na bado siwezi kukwambia kama lilikuwa sahihi. Mdogo wangu alipata pumu mle ndani. Hayo nayo ni ya kulinganisha.

Bibi alitutoka mwaka uliofuata. Hakukuwa na mahali pa kukaa kilio, mwenye chumba hakuruhusu, na kanisa lilikuwa limehamia kwenye ukumbi wa kukodi kwa saa. Tukamkodia bibi muda wa saa mbili. Watoto wa jamaa zetu, waliozaliwa hapa, walishika simu zao na kungoja iishe, wala siwalaumu, walikuwa hawajawahi kuona kitu kingine. Nyuma kabisa alikaa yule mwana wa Nonna, mama ndiye aliyempigia simu, na alikuwa amebeba blanketi begani.

Saa zilipokwisha, watu wa harusi wakaanza kuingiza maua yao, tukatoka wote barabarani. Akanijia, akaniomba nimuulizie wazee swali lake. "Anauliza," nikawaambia, "leo tunalala wapi naye?"

Baba akamtazama mjomba. Mjomba akawatazama kina mama wa kanisa. Tulisimama pale kwenye lami, ukoo mzima, na hapakuwa na mmoja wetu mwenye ua.