Majani Yenye Matundu

Juzi Jumamosi, kwenye gulio la mboga zisizopigwa dawa, muuzaji alinipa fungu la mchicha uliong'aa, nami nikamkumbuka mama sokoni Songea, alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile soko lilinuka dagaa wa Nyasa na udongo mbichi. Upande wa pili walikuwa wanafungua belo la mitumba. Nilisikia wauza nguo wakipiga makofi na kuita watu, na miguu yangu haikutulia, kwa sababu mama alikuwa ameniahidi gauni. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya bibi mmoja muuza mchicha wa Mjimwema, akichagua taratibu majani yaliyoliwa na wadudu.

Niliona aibu. Niliamini ananunua mabovu ili hela ya gauni itoshe.

"Mama, chukua mazuri," nilimnong'oneza. "Gauni tuache."

Yeye na yule bibi wakacheka.

"Mdudu akilikataa jani, mwanangu, sisi tulile kwa nini?" mama aliniuliza.

Tulipofika kwenye belo, yalikuwa yamebaki mashati ya wanaume tu.

Muuzaji wa juzi aliniapia kwamba hakupiga dawa. Niligeuza jani moja moja, nisione tundu hata moja.