Maziwa Yaliyobaki Kiweleni

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la ng'ombe kule Umm Salal, katika nchi ya Kiarabu ya jangwa, Msimamizi wa Zizi, Mpemba mwenye ndevu nyeupe, alinionyesha ng'ombe wangu thelathini. Alisema zizini tulikuwa watu sita na lugha sita, naye hushinda ofisini. Nikitaka Kiswahili, niongee na ng'ombe.

Nilidhani ni mzaha. Baada ya mwezi nilikuwa nikimsimulia Arobaini na Moja, ng'ombe aliyeitwa kwa namba ya sikioni na aliyezidi wote kwa maziwa, habari za kwetu Nyandarua, naye akinitegea sikio.

Kwetu hukamua mpaka chuchu ilegee. Mashine ikitoka, nilimalizia kwa mkono.

"Wewe Mkenya," Msimamizi alinitania, "unakamua kama ng'ombe anahama kesho."

Shamba lilitawaliwa na mambo mawili. Kiwanda cha maziwa kilitupangia mgao wa lita. Zilizozidi zilimwagwa mchangani. Ruzuku ya serikali ya majani makavu nayo ilitolewa kwa kila kichwa cha ng'ombe, aliyekauka sawa na mwenye maziwa. Kukamua vizuri hakukumfaidisha mtu.

Majira ya baridi maziwa yalizidi. Meneja wa shamba akaagiza mashine zitolewe mapema na mkono usitumike. Nilimwambia Msimamizi kwamba maziwa yakibaki ndani, kiwele huugua.

Akatazama viatu vyake. "Najua, kaka. Lakini ukibisha, utarudishwa kwenu."

Binti yangu alikuwa chuoni akisomea uuguzi kwa mshahara wangu. Nikatii.

Kiwele cha Arobaini na Moja kikavimba, kikawa cha moto. Chuchu mbili zikafa. Hakuna aliyeshtuka, maana kichwa chake bado kilileta majani. Niliendelea kumsimulia, ila sikumgusa tena kwa raha.

Kisha ruzuku ikabadilishwa, ikafuata lita. Ulikuwa uamuzi wa busara, hata leo nautetea: tuliruhusiwa tena kumalizia kwa mkono, na zizi likapona. Lakini kwanza lilikuja lori la machinjio kuwachukua wasio na maziwa ya kutosha. Msimamizi alisoma namba kwa sauti ndogo. Arobaini na Moja aligoma mlangoni mpaka nilipomwita, akanifuata hadi ndani ya lori.

Nimestaafu. Naishi na binti yangu, aliyepata kazi ya uuguzi huku huku, ghorofa ya nne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Ninyi mnaoanza kazi hii, sheria za mgao zitabadilika mara nyingi, kiwele hakibadiliki.

Jioni binti hurudi amechoka, huniuliza, "Baba, leo umeongea na nani?"

Nami humsimulia habari za ng'ombe wangu wote, isipokuwa mmoja.