Chai Yangu ya Kikohozi ku Gare

Mucheke tu, bajukulu, mi mwenyewe niliisha kuzoea, lakini hata leo nikipita ku gare ya treni naangalia ngambo ingine kama mwizi wa kuku.

Ilikuwa wakati migodi ya shaba ilianguka, ku hospitali hakuna hata kidonge ya kinini, na batu ba jimbo ya Kasai banafukuzwa mu muji wetu (bengi balizaliwa hapa hapa, sawa mi), banalala ku gare na mizigo, banangoja treni yenye hakuna mutu anajua siku yake. Rafiki yangu Mama Ngalula alikuwa pale, basi nikamupelekea sufuria ya chai ya majani (dawa ya mama yangu, musinizarau), akakunywa na benzake. Kesho yake nikabauliza: kichwa kilipoa? Hapana. Magoti? Hapana. Mugongo, meno, usingizi? Hapana tu. Kikohozi? "Eeh, kidogo kimepunguka." Ile ingine yote nikaisahau palepale, nikazunguka gare nzima natangaza: "Chai yangu inaponyesha kikohozi!"

Munganga wa hospitali, Tata Kabeya, naye banamufukuza, alikuwa amekaa juu ya valizi yake ya nguo. Akacheka.

"Mama, uliuliza magonjwa ngapi?"

"Yote!"

"Ukiuliza mengi vile, moja haikosi kupunguka, hata kama ulibapa maji ya mvua. Inaweza kuwa bahati tu."

"Una wivu, tata!"

"Basi tujaribu. Benye kukohoa peke yao: bamoja chai yako, bengine maji ya moto."

Hapo ndipo niliharibu. Juu ya kutaka kumufunga kinywa, nikatia majani mara mbili, nikachemusha mpaka ikakuwa nyeusi kama oili ya lori. Mama Ngalula akasema, "Yaya, dada yangu, inanuka soksi!" Nikamwambia kunywa, usiniaibishe mbele ya munganga.

Bakakunywa. Saa sita ya muchana, bote banakohoa vilevile, ba chai na ba maji. Kiisha matumbo ikaanza kuongea, bale ba chai bakakimbilia mu majani marefu nyuma ya mabehewa ya zamani, na palepale, Mungu wangu, treni ikapiga filimbi! Treni yenye balingojea siku na siku, na mwenye kuikosa anabaki mu mikono ya benye kumufukuza. Nikaingia mu majani nalia, "Muinuke! Muinuke!", nikamuvuta Mama Ngalula, kitenge mukononi, nikamusukuma mu behewa kama gunia ya muhogo, wa mwisho kabisa.

Treni inaondoka, Tata Kabeya akatoa kichwa ku dirisha: "Mama! Ba chai bote balikimbia, ba maji hata mumoja! Hii sasa, haki ya Mungu, haiko bahati!"

Batu ba behewa nzima, benye asubuhi balikuwa banalia ku gare, bakapasuka kwa kucheka. Mama Ngalula alikuwa anacheka ameshika tumbo, ananionyesha kidole, na ni vile nilimuona mara ya mwisho.

Tangu ile siku, mutu akinisifia dawa, namuuliza kwanza magonjwa ingine yenye haikupona, na nani alikunywa maji. Na ile chai? Iko mu nyumba. Nabapa tu benye tumbo yao ilifunga choo, na kwanza nauliza kama hakuna mwenye kungoja treni.