Neno Ambalo Baba Hakuweza Kuniambia

Baba alirudi kutoka hospitali akiwa na furaha. Daktari alikuwa amempitishia mpira wenye kamera kwenye utumbo, kwa sababu alikuwa amekonda, na hakuona ugonjwa wowote. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Mama alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nyumbani karibu na mji mdogo wa Kapkatet, shule niliyofundisha ikiwa imefungwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta shambani ameinama katikati ya majani ya chai, kikapu mgongoni kitupu, mkono ameushikilia tumboni upande wa kushoto.

“Baba, unaumwa?”

“Ni hewa tu. Walisema itatoka.”

Hata chai alikataa. Kufikia saa nne alikuwa ameenda choo mara tatu, na kila akitoka uso ulikuwa na jasho. Nilipomuuliza tena alitazama kando.

“Mwanangu, kuna mambo mzee hamwambii binti yake.”

“Basi usinitazame,” nikamwambia. “Yaambie hayo majani.”

 Akaigeukia michai na kusema polepole, “Ninatoa damu.”

Niliomba gari la jirani tukarudi hospitali. Daktari tuliyemkuta, mama wa makamo, alimwuliza anasikiaje. Baba akanitazama. Nikamsemea: maumivu, haja yenye damu, mara tatu. Nilitaja kila kitu, naye aliangalia sakafu kama mtoto aliyeshtakiwa.

Baada ya kumpima, daktari alituambia kuwa sehemu ya utumbo ilikosa damu ya kutosha. Hutokea mara chache baada ya kipimo kile. Ile dawa ya kusafisha tumbo aliyokunywa kabla ya kipimo ilikuwa imemmaliza maji mwilini, na dawa zake za presha zikazidi kuishusha presha.

“Kwa hivyo natoa damu kwa sababu damu haikufika?” Baba aliuliza.

“Ndiyo, mzee. Utumbo uliumia. Tukiupumzisha, mara nyingi hupona wenyewe.”

Alilazwa, akawekewa dripu, akanyimwa chakula. Daktari alisema kama maumivu yangezidi ingebidi apasuliwe. Hayakuzidi. Siku ya nne alipewa uji, akaumaliza.

Mara nyingi nafikiria zile saa za asubuhi. Baba hakuwa mjinga. Alikuwa ananiheshimu, kama alivyofundishwa, na heshima hiyo nusura imzike. Mimi pia nilikuwa nimeogopa kuuliza swali lenyewe.

Alipotoka wadini alimwambia daktari, mbele yangu, “Leo nimeenda choo vizuri kabisa.” Mimi ndiye niliyeona haya.